Mawe Yaliyoipima Katanga

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kipushi, kilomita 30 hivi, unafika karibu na mgongo wa nchi ambako maji ya mvua huachana. Yanayoteremka kuja upande wetu huingia Kafubu, yakaenda Luapula, Ziwa Mweru, Luvua na Lualaba, na mwishowe yakamwagika Atlantiki kule Banana. Yanayoteremka upande wa pili huingia Kafue, yakafuata Zambezi hadi Bahari ya Hindi karibu na Chinde, Msumbiji. Mgeni akioneshwa mgongo huo huuliza uko wapi. Ardhi ni bapa. Kuna miombo, kuna vichuguu virefu kuliko nyumba, kuna dembo, yale mabonde mapana ya nyasi ambayo masika huwa bwawa na kiangazi huwa malisho. Hata hivyo hapo ndipo Kongo inapokwisha na Zambia inapoanza, na wakoloni walipotaka kujua hasa inakwisha wapi, iliwabidi wapande mawe.

Mawe yenyewe ni ya namna mbili. Kuna nguzo za mpaka, ambazo kila mtu anaelewa kazi yake. Halafu kuna mawe ya vipimo: kigingi cha chuma, bomba lililotiwa saruji, kidude cha shaba juu ya mwamba, au nguzo fupi kileleni mwa kilima. Hayo hayagawi shamba la mtu yeyote. Kila moja ni nukta ambayo mahali pake juu ya dunia pamehesabiwa kwa uangalifu mkubwa, na ramani zote za nchi zinaning'inia juu yake. Kosa likiingia kwenye nukta hiyo, migodi, reli na parseli za mjini zote hurithi kosa lilelile.

Uingereza na Marekani kuna watu wanaoyatafuta mawe haya kwa kujifurahisha. Jumamosi wanabeba ramani ya zamani, maji na mkate, wanapanda mlima, wanaligusa jiwe, wanalipiga picha, wanaandika kama bado ni zima, kisha wanarudi nyumbani. Anayesikia habari hiyo mara ya kwanza hucheka. Lakini ukiufuata ukoo wa mchezo huo kurudi nyuma, unakutana na askari mmoja Mwingereza aliyekuwa akipima milima ya Tanganyika, mashariki ya ziwa, hatua chache kutoka Katanga.

Tuanze na wino, maana mawe yalikuja baadaye. Tarehe 12 Mei 1894, mjini Brussels, Uingereza na Leopold II, mfalme wa Wabelgiji aliyekuwa pia mwenye Kongo, walitia saini mkataba wa mpaka. Ulisema mstari upande mto Luapula hadi mahali mto unapotoka katika Ziwa Bangweulu, kisha ushuke kusini moja kwa moja kwa kufuata longitudo ya mahali hapo, mpaka uukute mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi, halafu uufuate mgongo huo magharibi hadi nchi ya Wareno. Kwenye karatasi, maneno hayo ni safi kabisa. Tatizo ni kwamba Luapula hautoki Bangweulu kama maji yanavyotoka kwenye bomba. Unatoka katika kinamasi kikubwa cha matete, na anayetaka kujua ziwa linaishia wapi na mto unaanzia wapi atabishana na wavuvi hadi jioni. Kwa mstari huo Kongo ilipata ulimi mrefu wa ardhi ulioingia ndani ya Zambia, ambao Wabelgiji waliuita buti la Sakania. Upande wake wa mashariki umekatwa wima, karibu na longitudo ya digrii 29 na dakika 48. Mpaka leo Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia ya mkato hukanyaga Kongo katikati ya safari.

Wakati mkataba ule unaandikwa, Katanga ilikuwa imetwaliwa kwa damu miaka michache tu iliyopita. Msiri, mfalme wa Wayeke, aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs, aliyekuwa akimtumikia Leopold. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipita akaona shaba ilivyojaa. Kwa hiyo Leopold alijua ana mali. Alichokosa ni ramani ya kuonesha mali hiyo iko upande gani wa mstari.

Mwaka 1898 akatumwa Charles Lemaire. Huyu alikuwa afisa wa jeshi, na kabla ya Katanga alikuwa mtawala wa Équateur, ambako utawala wake ulijulikana kwa vijiji vilivyochomwa. Jambo hilo lisifichwe kwa sababu tu baadaye alitazama nyota. Aliingia Afrika kwa mlango wa Chinde, akapanda Zambezi na Shire, akapita Ziwa Nyasa na Tanganyika, akaizunguka Katanga hadi mwaka 1900. Pamoja naye alikuwapo mchoraji, Léon Dardenne, ambaye picha zake za rangi za maji zimehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Usiku, wakati wengine wamelala, Lemaire alifungua darubini na saa zake za safari, akapima nyota na mwezi ili ajue amesimama wapi. Alipita nchi nzima kwa namna hiyo, kituo kwa kituo.

Kuna ubovu katika kazi ya nyota. Latitudo hupatikana vizuri, lakini longitudo inategemea saa, na saa inayobebwa kichwani mwa mpagazi kwa miezi mingi, katika jua na mvua, haibaki kweli. Sekunde nne za saa ni dakika moja ya longitudo, na kwenye latitudo ya Lubumbashi hiyo ni karibu kilomita 1.8. Kwa mpelelezi anayetafuta njia si kitu. Kwa kampuni inayotaka kujua mwamba wa shaba ni wa nani, kilomita mbili ni utajiri au umaskini.

Dawa ilikuwa inapikwa kusini. David Gill, mtoto wa mtengeneza saa wa Aberdeen na yeye mwenyewe fundi saa kabla ya kuwa mwanaastronomia, alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1879 kuongoza kituo cha kutazama nyota. Hakukaa sana akatoa wazo lililoonekana la kichaa: kupima mnyororo mmoja wa pembetatu kutoka Afrika Kusini hadi Cairo kwa kufuata longitudo ya 30 mashariki. Mnyororo huo ungesaidia ramani za makoloni yote utakayopita, na juu ya hayo ungesema jambo ambalo wanasayansi walilitaka kwa hamu: dunia imebonyea kiasi gani kwenye ncha zake. Cecil Rhodes alimsikiliza, kwa sababu zake mwenyewe, na kampuni yake ikatoa fedha. Alexander Simms alianza Rhodesia ya Kusini mwaka 1897. Kutoka 1903 Msweden Tryggve Rubin, ambaye kabla yake alikuwa akipima pembetatu kwenye barafu ya Spitsbergen, aliuvusha mnyororo Zambezi, na kufikia 1906 alikuwa ameufikisha karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Hapo pesa za kampuni zikakauka. Ukichukua ramani utaona longitudo ya 30 inapita hatua chache tu mashariki ya ule ukingo wima wa buti la Sakania.

Namna ya kazi inafaa kuelezwa, maana bila hiyo mawe hayaeleweki. Unachagua uwanda, unapima mstari mmoja chini kwa usahihi wa kupindukia. Zamani walitumia fito. Siku za Gill zikaja nyaya za invari, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao joto haliurefushi sana, na aliyeugundua, Charles Édouard Guillaume, alipewa Nobel mwaka 1920. Mstari huo ndio msingi. Kutoka ncha zake mbili unalenga kilima cha tatu kwa theodolaiti, unasoma pembe, na hesabu inakupa umbali uliobaki bila kuutembea. Kisha pembetatu hiyo inazaa nyingine, na nyingine, kilima kwa kilima, kila upande makumi ya kilomita. Baada ya mamia ya kilomita unapima msingi mwingine chini, na kama hesabu iliyosafiri juu ya vilima inakubaliana na waya ulionyooshwa ardhini, unalala usingizi mzuri.

Kila kilele kinahitaji alama ya kudumu, ili mtu arudi hata baada ya miaka 50 akasimame palepale. Hiyo ndiyo asili ya mawe. Mchana walilengana kwa vioo vinavyorudisha mwanga wa jua, usiku kwa taa. Adui hakuwa simba kama vitabu vya wasafiri vinavyopenda kusema. Adui alikuwa moshi. Kuanzia Julai au Agosti moto wa nyasi hujaza anga la miombo, na kilima kilicho umbali wa kilomita 40 hutoweka kwa wiki nzima. Masika yakisafisha hewa, mawingu hukaa juu ya vilele na mito hufunga njia. Muda wa kuona mbali katika nchi hii ni mfupi, na kila anayekaa Lubumbashi anaufahamu: ni ile miezi ya baridi baada ya mvua kukatika, kabla ya mioto kuanza.

Na nani aliyepandisha saruji, maji na masanduku ya vioo hadi kileleni? Katika maandishi ya wapimaji, Mzungu huwa na jina, cheo na chuo alichosoma. Wapagazi mara nyingi wanatajwa kwa idadi, pamoja na mizigo. Walikata miti ili mstari uonekane, wakachanganya zege, wakakesha na taa kwenye vilima vya baridi ili mtu mwingine, kilima cha mbali, asome pembe. Waliobeba Katanga begani hawamo katika orodha yoyote ya heshima, na mimi nadhani mtu anayeligusa jiwe leo anaugusa mkono wao kwanza, kabla ya akili ya Gill.

Wakati Rubin anakwama, Katanga ilikuwa inabadilika haraka. Comité Spécial du Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1900, theluthi mbili ya Dola ya Kongo na theluthi moja ya Compagnie du Katanga, ikiwa na mamlaka juu ya ardhi yote. Kampuni ya migodi, Union Minière, ikazaliwa 1906. Reli kutoka kusini ikafika Septemba 1910, na Makamu wa Gavana Mkuu Émile Wangermée akaanzisha mji kando ya mto Lubumbashi, ukaitwa Élisabethville kwa jina la malkia. Mwaka 1911 tanuri likatoa shaba ya kwanza. Sasa ule wino wa 1894 ulikuwa na thamani ya fedha, na mwaka huohuo wa 1911 tume ya Waingereza na Wabelgiji ikaingia porini kuugeuza wino kuwa nguzo.

Hii ndiyo sehemu ya historia ninayoipenda zaidi, kwa sababu ni hadithi ya watu wenye elimu kubwa wakishindana na dembo. Mkataba unasema fuata mgawanyo wa maji. Vema, lakini kwenye dembo maji hayana haraka ya kugawanyika. Masika bonde lilelile hutiririka polepole pande zote mbili. Kiangazi halitiririki popote. Tume ililazimika kutembea, kupima kimo, kutafuta chanzo cha kila kijito cha Kafue na cha kila kijito kinachokwenda Luapula au Lualaba, kisha kukubaliana: hapa. Nguzo ikasimamishwa, ikapewa namba. Kati ya nguzo na nguzo mpaka ulibaki kuwa mgongo wenyewe, uonekane usionekane. Mwaka 1914 vita vikawarudisha watu kwao, na wapagazi wa pande hizi wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi.

Kwa muda nguzo chache zilitosha. Halafu miaka ya 1920 Wabelgiji wakaanza kuchimba Kipushi, mgodi ulioitwa Prince Léopold, ukingoni kabisa mwa mpaka, na upande wa pili Waingereza wakagundua kwamba madini yao yako chini sana ardhini na ni mengi kuliko walivyodhani. Kila mita ikawa na mwenyewe. Tume mpya ikaundwa, ikafanya kazi kuanzia 1927 hadi 1933 kuuweka mpaka wazi zaidi. Leo malori yanayopanga foleni Kasumbalesa kwa siku nyingi yanasubiri kwenye mstari uliochorwa kwa mgawanyo wa maji ambao dereva hawezi kuuona hata akipanda juu ya shehena.

Ndani ya Katanga yenyewe, Comité Spécial ilikuwa na idara yake ya jiografia na jiolojia, iliyoongozwa na Maurice Robert, mwanajiolojia ambaye jina lake limejaa katika ramani za zamani za nchi hii. Kazi yao ilikuwa kuijaza Katanga pembetatu, si mnyororo mmoja kama wa Gill bali wavu, ili ramani za jiolojia na makubaliano ya migodi yapate pa kushika. Matunda yake ni mfumo ambao wapimaji wanaujua kwa jina la Katanga 1955. Nukta yake ya asili, pale ambapo hesabu zote zinaanzia, inaitwa Tshinsenda A. Jina hilo wachimbaji wa siku hizi wanaliandika Kinsenda, kule upande wa Sakania. Wengi wamepita njia hiyo bila kujua kwamba kwa miaka mingi hapo ndipo palipokuwa kitovu cha Katanga, kwa maana ya hesabu.

Mfumo huo una kituko chake. Dunia si tufe kamili, basi kila mpimaji huchagua umbo lililobonyea la kufanyia hesabu. Mwingereza Alexander Ross Clarke alitoa maumbo kadhaa. Rhodesia na sehemu kubwa ya Afrika ya Waingereza walichukua lile la 1880. Katanga ikachukua la 1866, ambalo ni maarufu zaidi Amerika ya Kaskazini. Tofauti ya nusu kipenyo kwenye ikweta ni mita 43 hivi. Kwa hiyo pale mpakani, mbali na lugha mbili za kikoloni, zilikutana dunia mbili zenye ukubwa tofauti.

Vipimo havikuishia porini. Mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulichorwa kwa rula, barabara zikikatana kwa pembe za mraba, na kati ya mji wa Wazungu na kitongoji cha Waafrika ukaachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita. Waliuita zone neutre, yaani ukanda usio wa upande wowote. Kamalondo, ambayo wakati huo iliitwa Albert, ilikuwa ng'ambo ya ukanda huo. Ubaguzi nao ulihitaji mpimaji, na mpimaji alihitaji jiwe la kuanzia.

Mnyororo wa Gill, tuliouacha umekwama, uliendelea vipande vipande. Mwaka 1908 na 1909 kundi la Waingereza, Jack na McCaw wakiwamo, pamoja na Mbelgiji Dehalu, lilipima kipande kati ya digrii moja kaskazini na digrii moja kusini ya ikweta, kule Uganda jirani na mpaka wa Kongo. Pengo kubwa likabaki katika nchi ya Wajerumani, iliyokuja kuwa Tanganyika, halafu Wajerumani wakaondoka. Hapo ndipo anapoingia Martin Hotine, afisa wa wahandisi wa jeshi la Uingereza. Kuanzia 1931 hadi 1933, wakati mdororo wa uchumi umebana kila serikali, alitembea magharibi mwa Tanganyika akiziba pengo kutoka mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) hadi Urundi. Alijifunza huko jambo ambalo kila mpimaji wa Afrika analijua: nusu ya kazi hupotea kwa kukitafuta kituo cha mtangulizi wako na kukiweka chombo juu yake barabara.

Aliporudi kwao alikabidhiwa kuipima upya Uingereza nzima, kazi iliyoanza 1935. Hakutaka kubeba miguu ya mbao kila kilima. Akabuni nguzo ya zege ya kimo cha mita 1.2 hivi, yenye kifaa cha shaba juu chenye mikono mitatu, ambacho theodolaiti hukaa juu yake bila kutikisika. Ya kwanza ilitumiwa Cold Ashby mwezi Aprili 1936. Baadaye zikajengwa karibu 6,500. Setilaiti zilipoziondolea kazi, wapanda milima wakazichukua. Kwao nguzo ya Hotine ni mwisho wa safari, kitu cha kukiegemea na kunywea chai, na wapo wanaoziandika zote walizozigusa. Mwaka 2016 Mwingereza mmoja alimaliza kuzigusa zote zilizobaki, zaidi ya 6,000. Marekani wana mchezo huohuo kwa vidude vya shaba vya serikali yao, ambavyo vingi vya zamani vimechapwa onyo la faini ya dola 250 kwa atakayevigusa vibaya. Hotine mwenyewe alikuja kuongoza idara ya upimaji wa makoloni kuanzia 1946, ambayo ilipiga picha za Afrika kutoka angani.

Pengo la mwisho la mnyororo lilikuwa Sudan. Wapimaji wa jeshi la Marekani waliliziba, na mwaka 1954 wazo la Gill la 1879 likawa kitu kamili, zaidi ya kilomita 7,000 za pembetatu. Gill alikuwa amekufa miaka 40 kabla.

Miaka sita baadaye Kongo ikapata uhuru. Comité Spécial ikavunjwa siku chache kabla ya sherehe, Katanga ikajitenga Julai 1960, vita vikafuata hadi Januari 1963. Huko Cairo mwaka 1964 viongozi wa Afrika walikubaliana mipaka ya kikoloni ibaki ilivyo, na kwa uamuzi huo zile nguzo za 1911 na 1927 zikawa zetu. Umoja wa Afrika ulipoanzisha mpango wa mipaka mwaka 2007, moja ya kazi zake ilikuwa kuhimiza nchi zikaitambue na kuiwekea alama upya mipaka ambayo alama zake zimepotea. Katika sheria ya mipaka, nguzo iliyosimama mahali pake kwa makubaliano kwa kawaida ina nguvu kuliko namba za kitabuni. Ikishang'olewa, wanabaki mashahidi na hasira. Mwaka 2020 askari wa Zambia waliingia Kibanga na Kalubamba, eneo la Moba, na ikabidi SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, isuluhishe. Huko si kwetu Haut-Katanga, lakini ni mpaka uleule wa mkataba uleule.

Mawe ya vipimo yana maadui wengi kuliko nguzo za mpaka, kwa sababu hayana askari. Mashine za migodi zinaondoa kilima kizima pamoja na nukta iliyokuwa juu yake. Wachomaji wa makaa wanakata miti mpaka kileleni, jambo ambalo, kwa kinaya, humrahisishia mtafutaji kuona. Shaba inauzika kwa kilo. Na kuna imani, ambayo huko Tanzania imeharibu alama nyingi za Wajerumani, kwamba mzungu hawezi kupanda saruji mlimani bure, lazima chini yake kuna mali. Wanachimba usiku, wanakuta kigingi.

Kama kijana wa Lubumbashi angependa kuanza, namwambia kwanza asiamini simu yake. Ramani za zamani za Katanga zimehesabiwa kwa Katanga 1955, za Zambia kwa Arc 1950, na simu inasoma mfumo wa setilaiti. Ukichukua namba za ramani ya zamani ukazitia kwenye simu bila kuzibadilisha, unaweza kukosea kwa mamia ya mita, na katika miombo mita mia tatu ni kutafuta sindano. Mpimaji yeyote wa kadasta, yaani ofisi ya vipimo vya ardhi, anaweza kukufanyia hesabu hiyo kwa dakika chache. Ukifika karibu, tazama mahali pa juu zaidi penye mwonekano, kisha rundo la mawe lisilo la kawaida, kisha saruji. Mzee wa kijiji mara nyingi anajua kuliko ramani. Watu hawasahau kilima ambacho babu yao alilazimishwa kupandisha mchanga.

Halafu ruhusa. Usiende na kifaa cha kupimia kwenye kibali cha mgodi bila barua, wala usipige picha mpakani bila kuongea na wenye mamlaka, maana utaeleza historia ya Gill ndani ya chumba kisicho na dirisha. Muone chifu kwanza. Mweleze kwamba huchimbi, hununui, hugawi ardhi.

Ulaya, mnyororo wa aina hii uliopimwa na Struve kutoka Hammerfest hadi Bahari Nyeusi kati ya 1816 na 1855 uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2005: nukta 34 katika nchi 10. Wapo wanahistoria wa upimaji wanaotaka mnyororo wa longitudo ya 30 uunganishwe nao. Sioni kwa nini wavu wa Katanga, uliosukwa jirani yake, usubiri Brussels au Paris uukumbuke. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa jiografia na wa jiolojia ambao kila kiangazi wanatafuta kazi ya utafiti. Wapewe orodha ya vituo vya Comité Spécial, waende Kipushi, Kinsenda, Sakania, warudi na picha, hali ya kila jiwe, na majina ya wazee waliosimulia. Na wewe msomaji, ukikuta saruji ya zamani juu ya kilima, iache ilivyo. Piga picha, andika mahali, peleka habari kadasta.